Je, Ni Dhambi Kumwomba Mungu Amchukue Mtoto Kabla Yako?



Katika semina ya watu wa ndoa tuliyofanya parokiani mwetu huku Ukambani wakati wa Majilio yaliyopita, tulipitisha kikapu ili kila mmoja aandike swali lake kwenye karatasi bila kutia jina. Desturi hiyo ni nzuri, maana yako mambo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mumewe au mkewe, seuze mbele ya majirani. Mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea: bwana anayeficha mshahara, mama mkwe aliyekuja kusalimia akakaa miezi minne, mpango wa uzazi kwa njia inayokubaliwa na Kanisa. Lakini karatasi moja ilikuwa imekunjwa na kukunjwa hadi ikawa ndogo kama kidonge. Ndani yake yalikuwa maneno haya kwa penseli: "Nina mtoto asiyejiweza. Kila usiku namwomba Mungu amchukue yeye kwanza, mimi nifuate. Je, ni dhambi?"

Niliisoma kimya kimya, nikairudisha kikapuni, kisha nikawaambia watu kwamba muda umekwisha. Haukuwa umekwisha. Niliogopa lile swali kwa sababu nalijua. Limewahi kulala nyumbani kwangu. Leo natumia ukurasa huu kumjibu mama yule. (Nasema mama, ingawa sina hakika. Sisi akina baba hatukunji karatasi namna ile.)

Mwanetu wa tatu ana umri wa miaka 15. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku moja na nusu. Hakulia. Siku ya tatu mwili ulikuwa umegeuka manjano hata weupe wa macho, na hakuna aliyetueleza lolote. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Alipofika miezi minane bila kuishika shingo yake, ndipo daktari mmoja alipotuketisha na kutuambia kwamba ubongo wa mtoto uliumia, na kwamba hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Huletwa na mambo kama kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, au umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema. Mtoto aliyezaliwa mzima naye aweza kuumia ubongo kwa homa ya uti wa mgongo au malaria inayopanda kichwani. Nimeyaandika haya makusudi, maana hata miongoni mwetu tunaopokea Komunyo kila Jumapili wapo bado wanaosema ni laana, au mahari ambayo hayakumalizwa, au mama alitembea ovyo. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza habari za yule aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, na Bwana akawajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Imo katika Injili ya Yohane, sura ya 9. Jambo hilo lilikwisha kujibiwa siku ile.

Mwanetu hakai bila kushikiliwa, hatembei, wala hasemi. Lakini anaijua hatua ya kila mmoja wetu kabla hajaingia mlangoni, na punda wa jirani akilia yeye hucheka mpaka apaliwe. Amepewa jina la marehemu baba yangu, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo mama yangu humwita "mume wangu". Wazee wawili wa ukoo walikuja kunong'ona kwamba si vizuri jina la mtu mwenye heshima kukaa juu ya mtoto kama huyu. Mama aliwajibu kwamba mume wake wa kwanza alikuwa na miguu miwili mizima na hakuwahi kumchotea maji hata siku moja, na huyu wa pili angalau hamgombezi. Hawakurudi na maneno hayo tena.

Sasa nije kwenye ule usiku. Ilikuwa mwaka 2021, wakati wa ukame. Mtoto alikuwa ameshikwa na kifafa mara mbili tangu jioni, kisha akatulia. Niliamka kama saa nane za usiku nikakuta nafasi ya mke wangu kitandani ni baridi. Nikasikia sauti yake ndogo upande wa pili wa pazia. Alikuwa anasema: "Bwana, usiniite mimi kwanza. Mwite yeye, halafu mimi hata kesho yake."

Nilikuwa katekista kwa miaka 14 wakati ule. Nilizijua Amri Kumi kwa mpangilio na kinyume. Nikasema kwa sauti kutoka kitandani, bila hata kuinuka: "Mama watoto, hiyo ni dhambi! Wamwombea mwanao kifo?"

Hakulia wala hakunitukana. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Baba watoto, wewe umemwogesha mara ngapi?"

Nilianza kuhesabu. Mtoto alikuwa na miaka 11. Nilikumbuka mara moja, mke wangu alipokwenda matangani kwao. Nikajitahidi kuikumbuka mara ya pili, nikakuta kwamba mara ile aliogeshwa na dada yake. Sikumjibu. Yeye akarudi kulala, nami nikabaki macho mpaka jogoo.

Basi tulitazame swali lenyewe kwa utulivu, maana mimi siku ile nililikimbilia kama mtu anayeua nyoka.

Lipo jambo lisilo na mjadala. Kumwua mtoto, au kumnyima chakula, au kuacha kumpa dawa kwa kusudi afe, au kumfungia ndani na kumwacha mpaka mwili wake umalizike, hilo ni kosa kubwa mbele ya Mungu na mbele ya serikali, na Kanisa halijawahi kusema vingine. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliyaeleza haya kwa mapana katika barua yake ya mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai. Kwa upande mwingine, kuchoka si dhambi. Kulia si dhambi. Kutamani kulala usiku mmoja mzima bila kuitwa si dhambi. Sala ya mama yule imesimama katikati ya mambo haya mawili, na ndiyo sababu inatutatiza.

Wakati fulani baada ya usiku ule nilikuwa natayarisha somo nikafika kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi lakini sikuwa nimekisikia. Musa amechoka na watu wa Israeli. Anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hao wote, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anyonyaye. Anasema hawezi kuwabeba peke yake, ni wazito mno kwake, na kama mambo ndiyo haya, basi ni afadhali Mungu amwue mara moja. Haya si maneno ya mpagani. Ni maneno ya Musa. Nami nikangoja, kama vile sijui mbele, nione Mungu atamkemea vipi.

Hakumkemea. Hakumwambia, "Musa, hiyo ni dhambi." Alimwambia awakusanye wazee 70, wasimame pamoja naye, wapewe sehemu ya roho ile iliyokuwa juu yake, ili waubebe mzigo wa watu pamoja naye, asiubebe peke yake.

Niliiweka Biblia chini. Nilikuwa nimemjibu mke wangu kinyume kabisa cha Mungu alivyomjibu Musa. Yeye alisema mzigo ni mzito, mimi nikamwongezea mwingine wa hatia juu yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi kanda lile sikuwa nimelishika hata pembe.

Tangu hapo nimejifunza kuipima sala ile kwa swali moja. Tuseme leo aje mtu mwaminifu kabisa, mwenye nguvu na upendo, akuambie: "Mama, wewe ukifa mimi nitamtunza huyu mpaka siku yake ya mwisho, nitamlisha kama ulivyomlisha, nitamgeuza usiku kama ulivyomgeuza." Je, ungeendelea kuomba atangulie? Kama sala inakufa pale pale, basi hukuwa unaomba kifo cha mtoto. Ulikuwa unamwomba Mungu asimwache yatima katika mikono isiyomjua. Hilo ni pendo, nalo limevaa nguo ya kutisha kwa sababu halikupata nyingine. Sioni ni kwa nini mama huyo alipeleke kwenye kiti cha kitubio kama kosa.

Lakini kama sala inabaki hata baada ya mtu huyo kuja, lazima tutazame ndani zaidi. Hapa nitajisema mwenyewe, maana si haki kumsema mke wangu tu. Mwaka juzi mtoto alilazwa na nimonia. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikihesabu: mbuzi wawili wamekwisha kuuzwa, karo ya wengine haijalipwa, na dawa bado. Ndipo wazo likapita kichwani mwangu kwamba usiku huu ukiwa wa mwisho wake, yote haya yatakwisha. Sikuwa nafikiri habari za nani atamtunza. Nilikuwa nafikiri habari za mbuzi. Wazo lilipita, lakini nililipa kiti likakaa kidogo, na hilo nililipeleka kwa padre. Ninyi akina baba mnaosoma ukurasa huu mnajua ninachosema, hata kama hamtanyosha mkono.

Na upo mtu mwenye yote mawili ndani yake, pendo na uchovu, yamechanganyika kama maji na maziwa. Huyo asijitese kwa kuyatenganisha usiku wa manane. Ayalete yote mbele ya Mungu kama yalivyo. Musa hakuchuja maneno yake.

Tena swali hili ni jipya kuliko tunavyodhani. Nyanya zetu hawakuliuliza mara nyingi, kwa sababu nimonia, malaria na degedege viliwajibia mapema. Nchini Marekani mwaka 1983 mtu aliyezaliwa na hali iitwayo Down alitarajiwa kuishi miaka kama 25. Siku hizi huko ni kama miaka 60. Hata huku kwetu, kwa chanjo na dawa za kifafa, watoto wengi waliokuwa wakifa wakiwa wadogo sasa wanaota ndevu. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba mzazi wa leo anamtazama mwanawe na kujua kwamba huenda huyu akabaki baada yake, na hakuna aliyemwandaa kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo mimi naona swali la kwanza si kama mama yule ametenda dhambi. Swali la kwanza ni wako wapi wale wazee 70. Na mzee wa kwanza kati ya hao ni mume wake.

Siku chache baada ya kusoma ile sura nilichukua karatasi ya mahudhurio ya darasa la Ubatizo, nikaigeuza upande wa nyuma, nikaketi pembeni Jumamosi moja nikaandika kila kitu alichofanya mke wangu kwa ajili ya huyu mtoto mmoja. Saa kumi na nusu alfajiri, kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Kumbadilisha nguo za kitandani. Kuchemsha maji. Dawa ya kifafa, ambayo yataka saa ile ile kila siku. Uji. Kumwosha. Kumnyosha miguu na mikono kama tulivyofundishwa hospitalini, ili mishipa isikakamae. Kumfunga kwenye kile kiti fundi seremala alichotutengenezea chenye mkanda kifuani. Kufua. Kuteka maji ya kufulia tena, mitungi minne juu ya punda. Muthokoi wetu ni mgumu kwake, kwa hiyo sehemu yake huchemshwa zaidi kisha huponda-pondwa mpaka iwe laini. Ilipofika saa sita mchana karatasi ilikuwa imejaa, na mimi bado nilikuwa nimeketi.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Leo nitamwogesha mimi." Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba ng'ombe amesoma Waraka.

Mabwana, sitawadanganya. Kazi ile ni ngumu. Wakati ule mtoto alikuwa na kilo 27, na maji yakimgusa mwili wote hukakamaa kama ubao. Nilimlowesha, nikajilowesha, nikailowesha na blanketi. Chakula ndicho kilichonishinda zaidi. Lazima akae wima, kidevu kikiinama kidogo mbele, kijiko kiwe kidogo, kisha ungoje ameze ndipo umpe kingine. Ukimlisha amelala chali, au ukiharakisha, chakula huingia njia ya hewa na kushuka mapafuni, na vifua vingi vya watoto hawa huanzia hapo. Nilitumia karibu saa nzima kwa bakuli moja. Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni, mara yake ya kwanza kwenda bila kukimbia. Aliporudi alikuta uji kwenye kola yangu na mtoto anacheka.

Majirani wa kiume nao walicheka, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja aliniuliza kama nimekaliwa. Nilimjibu jambo ambalo napenda kila baba alitafakari. Mtoto wa kiume akifika miaka 12 au 13, mwili wake unakuwa mwili wa mwanamume. Je, ni heshima aoshwe na dada yake, au hata na mama yake, siku zote, hali baba mzima amekaa nje anasikiliza redio? Mtoto huyu hawezi kusema "naona haya". Lakini haya anayo. Mimi nimeiona machoni pake. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Twadhani hayo ni maneno ya wanasiasa na ofisi zao. Mimi naona yanaanzia kwenye karai la maji ya moto nyuma ya nyumba yangu.

Hapa nimegusa habari ya dada, na sipendi kuipita, kwa sababu nyumba nyingi zinatenda kosa hapa bila kujua. Binti yetu wa kwanza yuko chuoni mwaka wa pili. Tangu akiwa mdogo, kila mgeni aliyekuja alimwambia, "Wewe ndiwe utakayemtunza ndugu yako." Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kukubali. Likizo iliyopita aliniuliza tukiwa shambani, bila kunitazama: "Baba, kijana akitaka kuja nyumbani kwa mambo ya posa, nimwambie kwamba ninakuja na ndugu yangu, au ningoje mpaka tuoane?" Niliishika jembe nikakosa la kusema. Tulikuwa tumempa mtoto wito bila kumwuliza, kama vile wito unagawiwa na wazazi kama mashamba. Na kwa nini yeye? Ana ndugu wa kiume mwenye miaka 18, mwenye mikono na nguvu, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumwambia maneno yale.

Kumpenda ndugu ni wajibu wa kila mmoja wao. Lakini namna ya kumtunza yafaa iombwe, isiamriwe, na iombwe kwa wote, wavulana kwa wasichana. Tuliwaita wote watatu siku ya Krismasi jioni, hata mdogo mwenye miaka 9, tukazungumza mbele ya mwenyewe akiwa kwenye kiti chake. Binti alisema anaweza kumpokea miezi fulani ya mwaka, si yote. Mvulana alisema yeye ndiye atakayebaki nyumbani, ila hajui kulisha. Basi ameanza kujifunza. Hatukumaliza yote. Hata hivyo mke wangu aliniambia usiku ule kwamba ni mara ya kwanza kusikia watu wengine wakisema kwa sauti jambo ambalo yeye amekuwa akilibeba kimya.

Kuna mambo ya karatasi pia, nayo nitayapitia upesi. Mwandikisheni mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Milango mingi haifunguki bila hiyo. Ulizeni kwa chifu juu ya Inua Jamii, mpango unaotoa Sh. 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali. Fedha hizo hazitoshi, na huchelewa, lakini ni zake. Andikeni wosia mkimtaja kwa jina, na mtaje ni nani atakayeshika sehemu yake ya shamba kwa niaba yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimtoi mtoto kwenye urithi kwa sababu ya ulemavu. Wanaomtoa ni wajomba na baba wadogo, nao hufanya hivyo pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Halafu kuna Kanisa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe msingi wa parokia zetu, nafikiri walikuwa na jambo kama la wazee 70 mawazoni. Jumuiya yetu ina nyumba 12. Imetuombea sana. Imekuja na sukari na majani ya chai, imesali rozari nyumbani kwetu mara zisizohesabika. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesema, "Mama, nenda kalale, mimi nitakaa naye saa moja." Nami sikuwahi kuomba, kwa kuwa katekista huona haya kuomba. Mwaka 2022 niliomba. Nyumba kumi ziliinamisha vichwa. Mbili zilikuja: mjane mmoja wa miaka 60 na zaidi, na kijana aliyeacha shule. Mjane huja Alhamisi mchana. Kijana huja Jumanne kunisaidia kumpakia kwenye matatu kwenda mazoezi ya viungo, kwa sababu sasa mtoto ana kilo 34, na makanga wengine wakiona kiti cha magurudumu hudai nauli ya abiria wa pili. Wazee wawili tu kati ya 70. Lakini siku ya Alhamisi mke wangu hulala mchana, na mimi ninayemjua nawaambia ni mwanamke mwingine.

Na nisiwaseme majirani nikajisahau. Mwongozo wa Katekesi uliotoka Roma mwaka 2020 unasema wazi kwamba wenye ulemavu wasinyimwe sakramenti. Mwanangu alipofika miaka 12 nilikuwa nimeandikisha watoto wa nusu ya kijiji kwa Komunyo ya kwanza, naye jina lake halikuwamo kwenye orodha niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mtawa mmoja ndiye aliyeniuliza. Alipokea kipande kidogo kabisa cha Hostia, amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo. Alinyamaza muda mrefu baada ya hapo, yeye ambaye kanisani hupiga kelele siku zote.

Mama uliyeandika karatasi ile, nimechelewa kukujibu na nakuomba radhi. Kama una mume, mwonyeshe ukurasa huu, halafu mpe karai. Kama mume alikwenda, kama wengi walivyokwenda mara mtoto wa namna hii alipozaliwa, basi aibu si yako, na jumuiya yako ina deni kwako kubwa zaidi. Usione haya kuidai kwa sauti. Sala yako usiiache kwa sababu ya kuogopa. Endelea kumwambia Mungu neno lile lile, ila mwulize pia wazee wako wako wapi, kama Musa alivyopewa.

Nilimwuliza mke wangu wiki iliyopita kama bado anaisali ile sala. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua kichwa. "Si kila usiku," alisema. Kisha akasema: "Siku hizi nakuombea wewe, usitangulie."

Ukitaka kuzungumza na mtu, njoo uzungumze naye, si na mimi. Nyumba yetu iko nyuma ya kanisa, yenye mwembe mmoja mlangoni. Yuko siku zote isipokuwa Jumanne, ambayo ni siku ya mazoezi, na Alhamisi mchana usimwamshe.